Kwanini Linux ikitokea kwenye TV ni ya mwizi wa benki au ya kumharibia mtu maisha?

Kibatari #1
Wakuu habari za mchana.

Jana umeme umerudi saa nne usiku, tukakaa na mama watoto kuangalia sizoni ya kipelelezi. Likatokea jamaa limejifunika hudi, chumba giza, kioo cheusi, maandishi ya kijani yanashuka kama mvua ya masika, nusu dakika tu benki imeshaliwa. Mama watoto akanigeukia taratibu akasema "kumbe ndo ile laptopu yako." Jamani mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi! Natumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ya aina ya Mint, tangu 2016 na kazi yangu kubwa ni kuhesabu nondo na mifuko ya saruji kwenye LibreOffice.

Ndo nikakumbuka ile habari ya Marekani, wa zamani mtakuwa mnaijua. Kituo kimoja cha TV kule Wisconsin kilirusha habari ya binti aliyeagiza laptopu ya Dell mtandaoni, ilipofika akakuta ina Ubuntu, aina nyingine ya Linux, badala ya Windows. CD ya kuungia intaneti ikakataa, Microsoft Word hakuna, binti akaacha masomo mihula miwili. Habari ikasomwa kama vile kauziwa friji lenye nyoka ndani.

Sasa swali: kwanini TV inaijua Linux kwa sura mbili tu, ama ya jambazi ama ya balaa, wakati Windows na Mac ni za watu wa kawaida wanaokunywa kahawa na kutabasamu? Michango tafadhali, matusi pembeni.

Bwana Karanga #2
Siti ya mbele nimeshawahi.

Mtu wa Namba #3
Mbona jibu rahisi mkuu. Hela. Nani anailipia Linux ionekane? Angalia Hawaii Five-0 ile mpya ya CBS iliyoanza 2010, polisi wanatafuta mhalifu kwa Bing, ile Google ya Microsoft. Kwa Bing! Wewe umewahi kumwona binadamu anatafuta kitu kwa Bing kwa hiari yake? Mwaka 2013 Microsoft wakaingia mkataba na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zilitajwa dola milioni 400, tableti zao za Surface zikajazwa pembeni ya uwanja, na msimu ulipofika watangazaji wakaziita iPad laivu hewani 😂. Hela imeenda na jina halikushika. Sasa Linux isiyo na mwenyewe nani akailipie?

Kibatari #4
@Mtu wa Namba hiyo ya iPad imenimaliza. Ila jamaa wa hudi naye kalipiwa na nani?

Sukuma Original #5
Kwenye ile muvi ya dinosaria kale kabinti kanakaa kwenye kompyuta kanasema huu mfumo naujua, ile ilikuwa Linux, na pale alikuwa mtu mwema anaokoa wenzake. Kwahiyo hoja imekufa, mods fungeni uzi.

Mzee Teminali #6
@Sukuma Original hapana mdogo wangu. Jurassic Park ni ya 1993 na kabinti kalisema "Unix", mfumo wa zamani ambao Linux iliuiga, hakakusema Linux. Mashine zile ni za Silicon Graphics zenye IRIX, Unix ya kibiashara kabisa, wakati huo bei yake unanunua gari. Na ile picha ya mafaili kama maghorofa ambayo watu walicheka miaka wakidhani ni uongo wa muvi ilikuwa programu ya kweli, ikiitwa fsn, ilitoka Silicon Graphics wenyewe. Linux mwaka ule ilikuwa na miaka miwili tu, Linus Torvalds aliyeiunda aliitangaza Agosti 1991.

Halafu hiyo ni muvi, mada ni TV.

Sukuma Original #7
Shikamoo mzee. Nimejifunza.

Mzee Teminali #8
Marahaba.

Njaa ya Bando #9
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo, kuna mtu kaweza kuunga printa kwenye Mint? Yangu inaonekana lakini haitoi karatasi.

DadaKodi #10
Nirudi kwenye ile ya Wisconsin maana mleta mada kaipitia juu juu. Ni Januari 2009, kituo ni WKOW cha Madison. Laptopu ilikuwa ya dola 1,100. Binti alipogundua alipiga simu Dell, aliyepokea akamwambia Ubuntu nzuri sana wanafunzi wanaipenda, akabaki nayo. Kwahiyo kosa lake liko wapi? Alimsikiliza muuzaji.

Na mbona watu hawasemi kilichofuata? Kituo kilipouliza, kampuni ya intaneti ikasema itatuma fundi amuunganishe bila hiyo CD, chuo kikasema kazi zake alizoandika humo humo kwenye Ubuntu zitapokelewa. Yaani tatizo lote lilikuwa la simu mbili tu. Lakini taarifa ya dakika mbili haina pa kuweka maelezo, ina pa kuweka mtu aliyeonewa na kitu kilichomwonea.

Halafu mashabiki wa Linux wenyewe wakamtafuta dada wa watu mtandaoni wakamtukana mpaka kituo kikarusha habari ya pili kuhusu matusi hayo. Sasa aliyekuwa anaangalia TV pale sebuleni kwake Madison alijifunza nini kuhusu Linux? Kwanza inakuzuia kusoma. Pili wanaoitumia wana midomo michafu. Tusiseme TV imetuchafua, ya pili tulijichafua wenyewe.

Kibatari #11
@DadaKodi asante dada, hapo umenipa kitu.

Fundi Gerezani #12
Mimi niko mtaani kwenye meza, nawaambia ninachokiona. Laptopu za mtumba zinaingia nyingine zimepigwa Ubuntu ili tu mteja aone zinawaka. Mwaka juzi alikuja mwalimu mmoja wa sekondari, kaibeba laptopu kwenye mfuko wa rambo kama kabeba kuku mgonjwa. Akaniita pembeni, akaongea kwa sauti ya chini kabisa: "fundi, hii nimeuziwa ya wale watu." Watu gani mwalimu? "Wale wa kuingilia mitandao." Kisa nini? Alibonyeza vitufe kwa bahati mbaya likafunguka dirisha jeusi lenye jina la mtu asiyemjua (ni jina la mwenye duka aliyeipiga Ubuntu) na kijimstari kinapepesa. Akaifunga, akaiweka chini ya kitanda wiki nzima, anaogopa polisi watakuja!

Nikamwonyesha hapa pa kuandika, hapa pa intaneti, akaona. Lakini bado akasema nipigie Windows fundi, nilale usingizi. Nikampigia. Elfu kumi na tano yangu nikachukua. Windows yenyewe mnajua ya wapi, tusiende huko.

Bwana Karanga #13
"Kama kabeba kuku mgonjwa" 😂😂😂

Mtu wa Namba #14
@Fundi Gerezani kwahiyo mwalimu kakimbia ya halali ya bure akalipia ya wizi ili asikamatwe na polisi. Nchi yangu!

Wa Mombasa Raha #15
Nyinyi wa Bongo mnachekesha. Niwaambie ukweli, hizo picha zinatoka wapi. Nilikuwa nafanya kazi ya kuhariri picha katika stesheni moja ya TV, siitaji. Siku hiyo kuna habari ya wizi wa pesa kupitia simu, mhariri akaja mbio, nataka picha ya hakingi, dakika kumi. Nikazima taa, nikafungua teminali ya laptopu yangu (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), nikageuza maandishi yakawa kijani, nikapiga apdeti. Nikairekodi kwa kamera ikishuka. Jioni mtangazaji kavaa tai nzuri anasoma "wahalifu sugu wa mtandao", nyuma yake ukikaza macho unaona imeandikwa Unpacking libreoffice-calc.

Ikatumika tena na tena. Nilipoondoka pale walikuwa bado wanaitumia.

Kibatari #16
@Wa Mombasa Raha KUMBE NI WEWE. Ndoa yangu inayumba kwa ajili yako.

DadaKodi #17
Calc jamani! Programu ya Kibatari ya kuhesabia nondo ndo sura ya uhalifu Afrika Mashariki 😂

Kijana wa Mabibo #18
Mnaisahau Mr. Robot, tamthilia ya mdukuzi. USA Network, 2015 mpaka 2019. Pale Linux ilionyeshwa kwa heshima, shujaa Elliot anatumia Kali (Linux ya kupimia usalama wa mitandao) na vifaa vya kweli, na amri za kompyuta za kweli sio za kuchora.

Mzee Teminali #19
Kweli, na waliweka mtaalamu, Kor Adana, kazi yake kuhakikisha kinachoonekana kwenye kioo kinaeleweka. Nakurekebisha tu kitu kimoja. Kipindi cha kwanza kabisa Elliot yuko ofisini Allsafe na dekstopu yake pale ni GNOME (GNOME na KDE ni sura mbili za Linux, unachagua), anakuja yule bosi wa kampuni kubwa, Tyrell Wellick, anachungulia kioo na kusema yeye mwenyewe yuko KDE. Anajua kabisa Elliot anashangaa bosi wa suti anatumiaje Linux. Mimi nilisimama kwenye kochi. Miaka ishirini naangalia TV sijawahi kusikia mtu anataja KDE.

Lakini angalia ni nani kaambiwa aitumie. Mmoja mdukuzi mgonjwa wa akili, mwingine bosi muuaji. Kibatari ana haki, heshima imekuja ila mtaa ni ule ule.

Sukuma Original #20
Na yule mrefu wa kichekesho cha Big Bang Theory? Sheldon aliitaja Ubuntu kuwa ndo mfumo wake kipenzi wa Linux.

Kijana wa Mabibo #21
@Sukuma Original ndio, lakini hiyo nayo ni kejeli. Ni yule yule aliyelalamika Windows 7 imekuwa rahisi kutumia kuliko Vista iliyoitangulia na yeye haipendi hivyo. Yaani Linux kapewa mtu asiyeweza kuishi na watu. Ama jambazi ama asiyekuwa na mke.

Mzee Teminali #22
Nina mke.

Bwana Karanga #23
Hatujakataa mzee wetu.

Zitto la Kijiti #24
Mimi sikubaliani na hii ya hela ya @Mtu wa Namba. Sababu mbili. Apple kwa miaka mingi wamekuwa wakisema hawalipi kuwekwa kwenye muvi, wanatoa tu vifaa, na bado kila nyumba kwenye TV ina tufaha nyuma ya laptopu. Mwongozaji Rian Johnson alisema 2020 kwamba Apple wanakuruhusu kutumia iPhone ila mhalifu asionekane nayo kwenye kamera. Sasa hebu fikiria wewe ndo mwandishi. Shujaa kashapewa Mac. Mhalifu atumie nini? Windows wana wanasheria. Anabaki nani asiyeweza kukushitaki kwa kumchafulia jina? Ndo maana jambazi kapewa kioo cheusi. Sio chuki, ni mtoto asiye na baba anayesingiziwa kuiba sukari.

Sababu ya pili, kuna aliyelipa. IBM, 2003, walitengeneza tangazo la TV la Linux, mtoto mdogo kakaa chumba cheupe, wanakuja wakubwa mmoja mmoja kumfundisha, mpaka Muhammad Ali alikuwemo. Hela ilikuwepo, mbona haikubadili kitu?

Mtu wa Namba #25
@Zitto la Kijiti ile ilikuwa ya kuwauzia mabosi seva, zile kompyuta kubwa za makampuni, mkuu. Mama yangu akiona mtoto na Muhammad Ali atajuaje kwamba wanaongelea kompyuta? Linganisha na Apple wale, 2006 mpaka 2009, jamaa wawili wamesimama, mmoja mnene wa suti ni PC, mwingine kijana wa jinzi ni Mac. Matangazo 66! Mtoto wa chekechea anaelewa. Linux hata kuitwa kwenye ule mstari hakuitwa.

DadaKodi #26
Aliitwa, ila mlango wa nyuma. Novell, kampuni iliyokuwa inauza Linux, walitoa vichekesho vyao 2007, wanasimama wale wale wawili halafu anaingia wa tatu, Linux, na ni msichana. Ila vilikuwa vya mtandaoni. Nilivipenda sana, ndo mara pekee nimeona Linux inavaa nguo nzuri.

Njaa ya Bando #27
Wakuu narudia, printa.

Tui la Nazi #28
Salaam. Mimi naona mnatafuta mchawi. TV haijui kompyuta YOYOTE. Chukua tamthilia za kipelelezi: NCIS ya 2004 watu wawili wanachapa kwenye kibodi moja kwa wakati mmoja kumzuia mdukuzi, mpaka bosi anakuja kuchomoa waya. CSI: NY wanamfuatilia muuaji kwa Visual Basic, lugha ya kuandikia programu, ambayo ni ya Microsoft hiyo. Hao ndo mnataka waonyeshe Linux kwa haki? Na Windows ilishadhalilika laivu, Aprili 1998 Bill Gates yuko jukwaani na Windows 98, msaidizi wake kachomeka skana, kioo kikawa cha bluu, CNN ikawa inaonyesha. Dunia nzima ikacheka.

Zitto la Kijiti #29
Ikacheka, lakini na Gates naye akacheka, akasema ndo maana bado hawajaanza kuiuza. Hiyo ndo tofauti. Yeye alikuwepo pale kujibu. Ubuntu ilipovuliwa nguo kule Madison nani alisimama kujibu? Wavulana wenye matusi.

Tui la Nazi #30
Hapo sina jibu ndugu yangu.

Mnyalu wa Posta #31
Ubuntu hapa kwetu haikuingia kwa TV, iliingia kwa posta. Wazee mnakumbuka ShipIt? Unajaza anwani mtandaoni, Shuttleworth yule wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu anakutumia CD bure mpaka kwenye sanduku lako. Mimi niko Iringa, ilichukua wiki nyingi mpaka nikaisahau, siku moja karani ananipa kibahasha cha gamba gumu, ndani CD kwenye kava la karatasi. Nikaulizwa umelipa shilingi ngapi, nikasema bure, karani akanitazama kama nimejiunga na freemason. ShipIt waliifunga 2011.

Na msisahau UDSM, mradi wa Kilinux, 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Mfumo wa kompyuta wenye jina la utu wa Mwafrika, programu kwa lugha yetu, vijana wetu wa chuo wamekesha kutafsiri, na mpaka leo sijaona tamthilia hata moja ya hapa nyumbani yenye mtu anafungua hiyo. Bosi wa tamthilia ya Kibongo ana laptopu imefungwa mezani na simu tatu, basi.

Kijana wa Mabibo #32
@Mnyalu wa Posta na mara nyingine imefunguliwa ila imezimwa, na yeye anachapa 😂

Fundi Gerezani #33
Ongezeni na wale ma-DJ wa kutafsiri muvi. Kibanda umiza mtaani kwetu, jamaa wa kwenye muvi kafungua teminali, DJ anapaza sauti: "sasa hapa anaongea na mashetani ya kompyuta, angalia yanamjibu!" Watoto kimya. Mwalimu wangu wa rambo nadhani ndo alikosomea huko.

Mzee Teminali #34
Niongeze moja ya TV yenyewe, sio vipindi vyake. BBC walipozindua iPlayer, huduma yao ya vipindi mtandaoni, 2007 ilikuwa ya kushusha vipindi kwa Windows tu. Watu wa Linux wakaja juu maana ada ya TV wanalipa sawa na wengine. Mkubwa mmoja wa BBC akasema watumiaji wa Linux kwenye tovuti yao ni 400 hadi 600 hivi. Baadaye ikabidi asahihishe, wakawa makumi ya maelfu. Mkubwa wa kituo anaamini wako 600, wewe unategemea mwandishi wa tamthilia ajue nini?

Wa Mombasa Raha #35
Na kinachonikera mimi ni kwamba hiyo TV yenyewe ni Linux. Samsung ina mfumo wa Tizen, LG ina webOS, za Android TV nazo, zote kiini chake Linux. TiVo wale wa Marekani wa mashine za kurekodi vipindi vya TV walitumia Linux tangu 1999, wakafunga mashine usiweze kubadilisha kitu humo ndani, Stallman, baba wa programu huria, akakasirika mpaka toleo jipya la 2007 la GPL, leseni inayotumiwa na Linux na programu nyingi huria, ikawekewa kipengele cha kuzuia hivyo. Kwahiyo Kibatari, jamaa wa hudi ulimtazama ndani ya Linux.

Bwana Karanga #36
Wacha we.

Tui la Nazi #37
Basi na hilo linaua hoja ya mleta mada. Kitu kikiwa kila mahali hakionekani. Nani anaigiza bomba la maji? Bomba linaingia kwenye tamthilia siku limepasuka.

Mtu wa Namba #38
Bomba nalo halina hela ya tangazo. Narudi palepale.

Zitto la Kijiti #39
Wala halina mwanasheria. Na mimi narudi palepale.

Kibatari #40
Wakuu nimerudi. Nimefanya alichosema @Wa Mombasa Raha. Nimechukua rimoti, setingi, msaada, kuhusu TV hii, halafu kuna mstari mdogo chini kabisa wa leseni za programu huria. Nimebonyeza. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi, yanashuka hayaishi, linux kernel, busybox, GNU General Public License, nabonyeza kwenda chini mpaka kidole kinauma.

Mama watoto katoka jikoni na mwiko mkononi, kasimama nyuma ya kochi. Nikamwambia unaona, hata TV yako. Kaangalia kama dakika nzima. Kasema "yaani umeshaihamishia na kwenye TV?" Kanipokonya rimoti. Sasa hivi ninavyoandika tamthilia ya Kituruki inaendelea na mimi niko barazani.

DadaKodi #41
😂😂😂 pole kaka yangu

Bwana Karanga #42
Karanga zimeisha, nakwenda kununua nyingine, mtu asiseme kitu.

Njaa ya Bando #43
Kibatari kama uko barazani huna kazi, printa yangu jamani.

Kibatari #44
Njoo inbox. Uje na picha ya kinachoandikwa, ila usipige ukiwa gizani.